Sevo ipi kwa kiungo kipi: SG90, MG90S, MG996R na zile za mnyororo

Mkono wa roboti ukitetemeka kila unapoinua kitu, wengi hukimbilia programu. Wanabadilisha namba, wanapunguza kasi, wanaandika upya mistari iliyokuwa sawa tangu mwanzo, na mkono unaendelea kutetemeka. Mara nyingi programu haina kosa lolote. Kiungo kimepewa sevo (mota ndogo yenye gia na saketi ndani, inayokigeuza hadi pembe unayoitaja) isiyo yake. Nimejenga mikono, roboti za miguu minne na ndege ndogo za povu, na katika yote yaliyonirudisha nyuma, hakuna lililonilia muda kama sevo iliyochaguliwa kwa kutazama kibandiko peke yake.

Kwa hiyo hapa nitaanza na kiungo: kinabeba nini, kwa umbali gani, na kwa muda gani. Majina ya sevo yatafuata.

Kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko

Namba kama 1.8 kg·cm maana yake ni kwamba mzigo ukining'inizwa sentimita 1 kutoka katikati ya shafti, sevo inaweza kushindana na kilo 1.8. Usogeze mzigo huohuo hadi sentimita 10, uwezo unashuka hadi gramu 180. Na namba yenyewe ni ya nguvu ya kukwama, yaani nguvu ambayo sevo inaifikia ikiwa inasukuma kwa uwezo wake wote na haisogei tena. Katika hali hiyo mota inavuta umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote, na umeme wote huo unageuka joto. Ikiachwa hivyo, kitakachoungua ni mota au saketi yake, chochote kitakachotangulia kushindwa.

Mimi hutumia theluthi. Kiungo cha kushikilia mzigo muda mrefu nakipa sevo yenye nguvu ya kukwama mara tatu ya mzigo halisi. Usukani wa gari la rimoti, unaosukuma kwa sekunde moja kisha ukapumzika, unaweza kuvumilia mara mbili.

Tuchukue mkono mmoja mdogo tuupigie hesabu, maana bila hesabu mazungumzo ya sevo hugeuka ushabiki. Una mapande mawili, kila moja sentimita 12. Kiganja chake kinabeba gramu 50. Kiganja chenyewe, pamoja na sevo yake na vyuma vyake, kina gramu 40 na uzito wake uko sentimita 10 kutoka kwenye kiwiko. Pande la mbele lina gramu 30, na uzito wake tunauhesabu katikati, sentimita 6.

Kwenye kiwiko, mkono ukinyooshwa mlalo: 50 mara 12 ni 600, 40 mara 10 ni 400, 30 mara 6 ni 180. Jumla 1,180, yaani 1.18 kg·cm. Mara tatu yake ni kama 3.5.

Begani mambo yanabadilika haraka, kwa sababu umbali wote umeongezeka na sevo ya kiwiko nayo imekuwa mzigo. Gramu 50 kwa sentimita 24, kiganja kwa 22, pande la mbele kwa 18, sevo ya kiwiko ya gramu 37 kwa 12, na pande la juu la gramu 40 kwa 6. Jumla inafika 3.3 kg·cm. Mara tatu yake ni karibu 10.

Mkono wa kubeba gramu 50 tu unadai kilo 10 begani. Hapo ndipo wengi wanaoanza hushangaa, na hapo ndipo sevo ndogo za bluu huishia kuungua.

Namba bega kwa bega

Hizi ni namba zinazotolewa na watengenezaji. Nguvu ni ya kukwama, kwa kg·cm. Kasi ni sekunde zinazotumika kuzunguka digrii 60 bila mzigo. Penye namba mbili, ya kwanza ni ya volti 4.8 na ya pili ni ya volti 6.

| Sevo | Uzito (g) | Nguvu | Kasi | Gia |
|---|---|---|---|---|
| TowerPro SG90 | 9 | 1.8 | 0.10 | plastiki |
| TowerPro MG90S | 13.4 | 1.8 / 2.2 | 0.10 / 0.08 | chuma |
| Futaba S3003 | 37 | 3.2 / 4.1 | 0.23 / 0.19 | plastiki |
| Hitec HS-422 | 45.5 | 3.3 / 4.1 | 0.21 / 0.16 | plastiki |
| TowerPro MG996R | 55 | 9.4 / 11 | 0.17 / 0.14 | chuma |

SG90 ina namba moja kwa sababu karatasi yake imeandikwa kwa volti 4.8. Zote tano zinasikiliza lugha moja: mpigo wa umeme unaorudiwa kila milisekunde 20, na urefu wa mpigo huo ndio unaotaja pembe. Mikrosekunde 1,500 ni katikati. Ukishuka kuelekea 1,000 sevo inakwenda upande mmoja, ukipanda kuelekea 2,000 inakwenda upande wa pili.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Sevo inayouzwa kama ya digrii 180, ukiipa mipigo ya 1,000 hadi 2,000 tu, kwa kawaida itazunguka kama digrii 90. Ili kuzipata zote 180 inabidi uende karibu na 500 upande mmoja na 2,400 au 2,500 upande wa pili. Ndiyo maana Servo, maktaba ya programu ya bodi ndogo za Arduino, imewekewa mipaka ya 544 na 2,400. Ila si kila sevo inavumilia mwisho huo. Ukisikia inanguruma ikiwa imefika ukingoni, imegonga kizuizi cha ndani na inajisukuma bure. Rudisha namba nyuma kidogo mpaka inyamaze.

SG90 na MG90S

Kwa nje ni ndugu wa karibu. Upana na urefu wa mwili karibu ni sawa, na mashimo ya skrubu huingia kwenye fremu ileile mara nyingi, ingawa MG90S ni ndefu kidogo kwenda juu. Hata nguvu, kwa volti 4.8, imeandikwa ileile. Basi kwa nini ulipe zaidi?

Unalipia meno. Gia za SG90 ni za plastiki, na jino la plastiki halikatiki kwa sababu ya mzigo wa kawaida. Linakatika kwa pigo: roboti inaanguka kutoka mezani na kutua kwa mguu, ndege inatua vibaya na bawa linakwaruza ardhi, au mtu anaugeuza mkono wa roboti kwa vidole wakati umeme umewashwa. Baada ya hapo sevo inazunguka vizuri upande mmoja, kisha inafika mahali inaruka na kutoa mlio kama wa kutafuna changarawe. Hilo ni jino lililoondoka.

Roboti yangu ya kwanza ya miguu minne ilikuwa na SG90 nane. Ilitembea vizuri siku mbili. Siku ya tatu ilianguka kutoka kwenye kiti, na miguu mitatu ikapoteza meno kwa mpigo mmoja. Nilibadilisha miguu yote kuwa ya gia za chuma, na roboti ileile imeanguka mara nyingi tangu hapo bila jino kutoka.

Lakini chuma nacho kina gharama zake. MG90S inazidi kwa gramu 4.4. Kwenye ndege ndogo yenye sevo nne hiyo ni karibu gramu 18, na kwenye ndege ya povu ya gramu 200 utazihisi angani. Pia pigo linalokwepa kuvunja jino huhamia kwingine: kwenye kikono cha plastiki kinachofungwa juu ya shafti, kwenye skrubu, au kwenye fremu. Na gia za chuma huanza kucheza kadiri zinavyosagana. Ukikishika kikono kwa vidole utakikuta kinakwenda huku na huku kidogo ingawa sevo imesimama. Kwenye mguu wa roboti haina shida. Kwenye mkono unaotakiwa kurudi mahali palepale, kucheza kwa digrii moja kiunoni ni milimita kadhaa kwenye kidole.

Uamuzi wangu kwa hizi mbili si mgumu. Kichwa kinachogeuza sensa ya umbali, kope za mdoli, mlango mdogo wa kisanduku, usukani wa mkia wa ndege ya povu: SG90. Mguu, kiganja kinachobana, bawa linaloweza kugusa ardhi, chochote ambacho mtoto atakishika: MG90S. Na kwa anayejifunza, SG90 mbili au tatu za kuharibu ni mwanzo mzuri kuliko sevo moja ya bei kubwa anayoiogopa.

Angalizo moja. Majina haya mawili yamenakiliwa sana. Kuna sevo zinazouzwa kama MG90S ambazo gia ya kwanza, ile inayogusana na mota, ni ya plastiki, na nyingine za chuma zimeanzia juu tu, panapoonekana. Skrubu nne za chini zikifunguliwa, kifuniko cha juu kinatoka na gia zinaonekana zote. Fungua moja kati ya zile ulizonunua, uangalie, kisha urudishe gia kwa mpangilio uleule pamoja na grisi yake. Usiifute hiyo grisi.

Za ukubwa wa kawaida: usinunue kilo usizozihitaji

Turudi kwenye mkono wetu. Kiwiko kilidai 3.5. MG90S kwa volti 6 ina 2.2. Itaunyanyua, ndiyo, kwa sababu mzigo halisi ni 1.18, lakini itakuwa inafanya kazi kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake muda wote mkono ukiwa umenyooshwa, na baada ya dakika chache utaisikia imepata moto. S3003 au HS-422 kwa volti 6 zinatoa 4.1. Hizo ndizo sevo za kiwiko hiki.

Hapa watu wengi huruka moja kwa moja hadi MG996R, wakisema nguvu ikizidi si dhambi. Kwenye kiwiko ni kosa. MG996R ina gramu 55, S3003 ina 37. Hizo gramu 18 za ziada zinakaa sentimita 12 kutoka begani, kwa hiyo bega linabeba zaidi, nalo litadai sevo kubwa zaidi, na betri itafuata. Mkono mzima unanenepa kwa sababu ya kiungo kimoja kilichopewa nguvu kisichoihitaji.

Bega ndilo mahali pa MG996R. Kwa volti 6 inatoa 11, nasi tulihitaji karibu 10. Gia zake za chuma zinavumilia mshtuko wa mkono unaposimama ghafla, na shafti yake imekalia beringi mbili, jambo muhimu pale uzito unapoivuta shafti kwa ubavu. Usahihi ndio si nguvu yake. Sevo hii ina pengo la mikrosekunde 5 ambalo ndani yake haijishughulishi na kusahihisha, na jumlisha kucheza kwa gia zake, utaona kiganja kinarudi karibu na pale kilipokuwa, si palepale. Kwa kupanga vipande vya mchezo inatosha. Kwa kuandika kwa kalamu, mistari itakuwa na mawimbi.

Futaba S3003 na Hitec HS-422 ni sevo za zamani, na kwa macho ya mtu aliyezoea namba kubwa zinaonekana dhaifu na polepole. Mimi nazipenda. Gia zake za plastiki zinakaa kwa kubana, zinarudi katikati vizuri, hazipigi kelele, na zimethibitishwa ndani ya ndege na mashua za rimoti kwa miaka mingi. Kama kiungo hakipigwi na hakibebi sana, nachukua moja ya hizi kabla ya sevo ya chuma isiyojulikana ilikotoka.

Kiuno cha mkono, kinachozunguka kushoto na kulia, watu wengi huzidisha pia. Mzunguko wa mlalo haupigani na uzito wa kuanguka. Kinachohitajika pale ni kuanza na kusimama taratibu, na beringi ya nje ya kubeba mkono ili shafti ya sevo isiubebe yenyewe. Ukiweka beringi pana chini ya mkono, S3003 inatosha kiunoni, huku bega lililo juu yake likiwa na MG996R.

Kabla ya kununua vikono vya chuma, hesabu meno ya shafti. Za Futaba zina meno 25, za Hitec nyingi zina 24, za JR zina 23. MG996R hutumia 25. Kikono cha meno 24 kikilazimishwa kwenye shafti ya 25 kitaingia kwa shida, kitaonekana kimekaa, na kitaanza kuteleza siku ya kazi.

Analogi au dijitali

Tofauti yao imo ndani ya saketi. Mota, gia na ile potensiometa inayosoma pembe zinaweza kuwa zilezile kabisa. Sevo ya analogi husahihisha kila mpigo unapofika, yaani mara 50 kwa sekunde. Ya dijitali ina kichipu kinachosahihisha mara nyingi zaidi, kama 300 kwa sekunde, kwa hiyo ukiisukuma kwa kidole inakataa mapema na kwa nguvu. Inalipia ukaidi huo kwa umeme zaidi hata ikiwa imetulia, na mara nyingi inavuma kwa sauti nyembamba.

Kwa mkia wa helikopta ya rimoti, dijitali haina mbadala. Kwa usukani wa gari la mbio, utaisikia tofauti mikononi. Kwa mkono wa roboti unaokwenda taratibu, analogi haikupungukii kitu kikubwa. Ila kosa moja lisifanyike: usiipe sevo ya analogi mipigo 300 kwa sekunde kwa kuwa kidhibiti chako kinaweza. Inaweza kupata moto na kuungua hata ikiwa haijabeba chochote.

Ya pembe au ya kuzunguka bila kikomo

Hizi hufanana kwa sura kiasi kwamba watu huzichanganya dukani. Ya kuzunguka bila kikomo, kama FS90R ya Feetech, haina tena habari ya pembe. Mpigo wa 1,500 unaisimamisha, mwingine unaizungusha mbele au nyuma kwa kasi tofauti. Inafaa kwa magurudumu ya roboti ndogo, kwani mota, gia na kidhibiti vimo ndani ya kifuko kimoja. Haifai kwa kiungo chochote kinachotakiwa kujua kilipo. Angalia pia maandishi "360", kwani wauzaji wengine huyatumia kwa sevo isiyo na kikomo na wengine kwa sevo ya pembe inayofika digrii 360. Soma maelezo, au uulize kabla ya kulipa.

Umeme ndio unaoua nyingi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sevo nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu zimelaumiwa bure.

Picha inayozunguka kila mahali ni ya SG90 iliyochomekwa kwenye pini ya volti 5 ya Arduino Uno, nayo Uno imechomekwa kwenye kompyuta. Kwa sevo moja isiyobeba kitu, inafanya kazi. Lakini njia hiyo ya USB ina fyuzi ya miliampea 500 kwenye bodi, na SG90 moja ikikwama inaweza kuvuta zaidi ya hapo. Ukiongeza ya pili, kila zinapoanza kuzunguka volti zinashuka, bodi inajizima na kujiwasha, programu inaanza upya, sevo zinarudi mwanzo zote kwa pamoja, na volti zinashuka tena. Kwa mtazamaji roboti imepandwa na wazimu. Kwa kweli ina njaa.

MG996R moja inavuta hadi ampea 2.5 ikikwama kwenye volti 6. Ukiwa nazo sita, siku mbaya ni ampea 15. Si lazima chanzo chako kitoe zote hizo, maana hazikwami zote pamoja kwa kawaida, lakini chanzo cha ampea 2 kwa sevo sita ni kujitafutia matatizo. Mimi huhesabu nusu ya jumla ya ampea za kukwama, na sishuki chini ya hapo.

Nyaya ni tatu. Kahawia au nyeusi ni hasi, nyekundu ni chanya, ya machungwa, njano au nyeupe ni ya mawasiliano. Sevo zikiwa na betri yake na bodi ikiwa na chanzo chake, hasi za pande zote mbili lazima ziungwe pamoja, la sivyo mpigo hauna pa kupimiwa na sevo inatapatapa. Kapasita ya mikrofaradi 470 au zaidi karibu na plagi za sevo inapunguza mshuko wa ghafla.

Kuhusu betri, seli 4 za NiMH (betri za nikeli za kuchaji) ni volti 4.8 na seli 5 ni volti 6, na sevo zote za jedwali zilizaliwa katika ulimwengu huo. LiPo (betri ya lithiamu) ya seli 2 huandikwa 7.4, lakini ikijaa ina 8.4. Usiiunge moja kwa moja kwenye SG90 au S3003. Weka reguleta, saketi ya kushusha volti, katikati, au nunua sevo iliyoandikwa wazi kuwa inakubali volti hizo. Kwenye gari na ndege za rimoti, kidhibiti cha mota kuu mara nyingi kina reguleta ndani yake inayolisha sevo. Soma ampea zake kabla ya kubadilisha sevo za plastiki kwa zile kubwa za chuma, maana reguleta ikilemewa angani, usukani wote unapotea.

Sevo zikizidi nne, naacha kuziunga kwenye pini za bodi. PCA9685 ni bodi ndogo yenye njia 16 inayozungumza na bodi kuu kwa nyaya mbili tu, na ina mahali pake pa kuingizia umeme wa sevo. Kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu mfumo wake unaendesha mambo mengi kwa wakati mmoja na mipigo inayotengenezwa na programu huyumba, nawe unauona mtetemo kwenye kikono.

Sevo za mnyororo

Zote nilizozitaja zina upungufu mmoja: zinasikiliza, hazijibu. Unaiambia nenda digrii 70, na huna namna ya kujua kama imefika, imekwama, au imeungua. Sevo za mnyororo zinaongea. Zinaungwa moja hadi nyingine kwa waya mmoja unaopita kote, kila moja ina namba yake ya utambulisho, na ukiiuliza inakwambia pembe iliyopo, mzigo, volti na joto lake.

AX-12A ya Robotis ni mojawapo ya zilizozoeleka katika roboti ndogo. Ina gramu 54.6, inatumia volti 9 hadi 12, inazunguka digrii 300 zilizogawanywa hatua 1,024, na nguvu yake ya kukwama ni nyutoni-mita 1.5 kwa volti 12, ambazo ni kama 15 kg·cm. Kwa uzito uleule wa MG996R, unapata nguvu zaidi na sevo inayojibu.

Nyingine ni STS3215 ya Feetech. Badala ya potensiometa inayosagika, pembe inasomwa kwa sumaku, hatua 4,096 kwa mzunguko mzima. Ya volti 7.4 inatoa 19.5 kg·cm. Ndiyo iliyotumika kwenye SO-100, mkono wa sevo sita ambao michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ambao watu wengi wanajifunzia kufundisha roboti kwa kuonyesha. Kazi hiyo ya kuushika mkono mmoja na mwingine ukaiga haiwezekani kwa MG996R ya kawaida, kwa kuwa mkono unaoshikwa lazima useme viungo vyake viko wapi.

Gharama yake iko wazi: moja inaweza kuzidi bei ya MG996R mara kadhaa. Inahitaji bodi ndogo ya kuiunganisha na kompyuta au bodi kuu, na kila sevo lazima ipewe namba yake kabla ya kuungwa na wenzake, kwani mpya zote hutoka kiwandani na namba moja. Mtu anayejenga kitu chenye viungo viwili hana sababu ya kuingia huko. Lakini kuanzia viungo sita, nikijumlisha nyaya ninazozipunguza, mtetemo ninaouepuka na sevo ambazo hazitaungua kimyakimya kwa sababu joto lake nalisoma, nachagua mnyororo bila kusita. Kama fedha hazitoshi kwa mkono mzima, ni afadhali kungoja kuliko kujenga wa MG996R sita kisha kuubomoa.

Sevo ikifika mkononi

Ipime kabla ya kuifunga. Iweke kwenye mizani ya jikoni: MG90S ya gramu 10 ina kitu kilichopunguzwa ndani. Ipe mpigo wa 1,500 kisha ufunge kikono, usifanye kinyume chake, vinginevyo nusu ya mzunguko wako itapotea upande mmoja. Ipeleke pande zote mbili taratibu, usikilize kama kuna mahali inakwaruza. Irudishe katikati kutoka kushoto, weka alama ya kalamu, kisha irudishe kutoka kulia uone kama inasimama pale pale. Zinazosimama karibu zaidi na alama zipeleke begani na kwenye kiwiko. Zinazoyumba zipe kiganja, ambacho kinabana tu na hakijali digrii moja au mbili.